Ovahoo ya Foksi kwa mzee wa Ilala: hela imeenda wapi na nimepata nini

Nimempelekea fundi mmoja mzee wa Ilala injini ya Foksi yangu (Volkswagen Beetle) aifungue yote na kuifunga upya, nianze na jibu kabisa maana najua wengi hamfiki chini. Kama una Foksi ya zamani au ile Kombi ya injini ya kupozwa na upepo na uko Dar, injini mpelekee huyu mzee. Bodi usimpelekee, umeme usimpelekee, na kama una haraka usiende kabisa. Nampa nyota nne kati ya tano. Jina silitaji, mwenyewe hataki, anasema wateja alionao wanamtosha na nusu yao wanamdai wao badala ya yeye kuwadai, ila ukifika Ilala ukaulizia uwani kwa mzee wa Foksi hutapotea.

Gari yangu ni ya 1969, injini ya cc 1500, nimeachiwa na baba mdogo ambaye alikua mwalimu na aliiendesha mpaka macho yakamkatalia. Tatizo kubwa lilikua joto. Ukitoka nayo mjini asubuhi haina neno, ukifika Mlandizi jua limeshapanda nguvu inaanza kupungua, ukipita Chalinze unakanyaga mafuta yenyewe inanuna tu, ukizima haiwaki tena mpaka ipoe, na popote inapolala inaacha alama ya oili chini. Kila fundi alikua na dawa yake. Mmoja akasema niendeshe kifuniko cha nyuma kikiwa wazi ipigwe upepo. Mwingine akataka kunifungia feni ya umeme ya Corolla juu ya injini. Na kuna mmoja, nawaambia ukweli wa Mungu, aliniuliza rejeta imekaa upande gani ili akaizibue, wakati hii gari haina rejeta kabisa. Sio kwamba hawajui kazi, ila mikono yao imezoea VVT-i, injini za Toyota za kisasa, na hii sio gari yao.

Sasa kwa mzee. Nimefika, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, usiiwashe tena, zima hapo hapo. Hakutaka kusikia mlio wala hakuniuliza inakula mafuta kiasi gani. Alipiga magoti nyuma ya gari akashika puli ya krenki (shafti kuu ya injini) kwa mikono miwili, akaivuta kwake, akaisukuma mbele, akasikiliza. Hiki kipimo nawasihi mkijue hata kama hamna Foksi leo maana kesho unaweza kuuziwa moja: injini ikiwa nzima ule mchezo wa krenki wa mbele nyuma ni mdogo mno, kati ya 0.07 na 0.13 ya milimita, mwisho kabisa 0.15, yaani kwa mkono husikii kitu. Ukivuta ukasikia ko, ko, ujue beringi ya upande wa flaiwili (lile gurudumu zito la mwisho wa krenki) imeshakula bloku, na hapo bei unayoongea na muuzaji inabidi ishuke sana au uondoke. Yangu ilikua inacheza kidogo, sio ya kutisha. Mzee akasema bloku inapona, tutabadilisha beringi na zile shimu tatu (visahani vyembamba vya kupunguza nafasi) za nyuma ya flaiwili.

Alafu akafungua kifuniko, akaangalia kama sekunde tano, akaniuliza: "Mabati yako wapi?"

Mi nikafikiri anaongelea bodi. Kumbe anaongelea mabati ya injini, na hapa ndo penye kiini cha hii review yote kwa hiyo nivumilieni.

Watu wanasema Foksi haina mfumo wa kupoza kwa sababu haina maji. Inao, tena umekamilika, tatizo unaonekana kama vipande vya bati visivyo na kazi ndo maana mafundi wanavitupa. Feni imekaa kwenye shafti moja na dainamo, inazungushwa na mkanda ule mmoja. Inavuta hewa ya ndani ya chumba cha injini, inaisukuma kwenye lile bati kubwa lililosimama nyuma yake, hewa inagawanyika kulia na kushoto inapita kwenye mapezi ya silinda na hedi, inatokea chini ikiwa ya moto na kuachwa barabarani. Sharti ni moja tu, hewa ya juu na hewa ya chini zisikutane. Ndo kazi ya yale mabati yanayozunguka injini na ule mpira mrefu unaoziba upenyo kati ya mabati na bodi. Ukiondoa mpira, feni inavuta hewa ya moto ya kule chini kwenye ekzosi na kuirudisha kwenye silinda. Yaani unaipoza injini kwa moto wake yenyewe.

Kwenye yangu mpira haukuwepo kabisa. Bati la nyuma juu ya ekzosi halikuwepo, kuna fundi alilitoa zamani sababu lilikua linamsumbua kufikia plagi. Vile vibati vidogo vya chini katikati ya silinda, vinavyoilazimisha hewa ikumbatie silinda mpaka upande wa chini, havikuwepo. Na kuna hili la hita, sikiliza vizuri kama uko pwani. Foksi ya kiwandani ina maboksi ya hita kwenye ekzosi, yanapata hewa kutoka kwenye matundu mawili ya lile bati la feni. Dar nani anataka hita? Kwa hiyo mtu alishayatoa zamani akafunga mabomba ya kawaida, sawa, hakuna dhambi, ila yale matundu mawili aliyaacha wazi. Hewa ambayo ingeenda kwenye silinda ilikua inapulizia nje bure miaka yote hiyo. Mzee aliyaziba na vipande viwili vya bati na skrubu. Hiyo kazi peke yake haikufika hata elfu kumi na ningekua na hela ya kufanya kitu kimoja tu ningefanya hicho.

Kuhusu kuendesha na kifuniko wazi, anasema ni ujinga wa kusifiwa. Zile tundu za chini ya kioo cha nyuma ndo mlango wa hewa, kiwanda kimeziweka pale kwa makusudi, ukiegesha kifuniko ukiwa kwenye mwendo unaweza kukaribisha hewa ya moto inayopanda kutoka chini ya bampa. Najua kuna watu watabisha hapa, sawa bisheni, mi naona mabati kwanza alafu ndo tubishane kifuniko.

Injini ilishuka siku hiyo hiyo. Hii inafurahisha kuangalia: inashikwa na bolti na nati nne tu za sabntini kwenye giaboksi, unatoa waya wa mafuta wa kabureta, mpira wa petroli, nyaya za dainamo na koili, unaegemeza kwenye jeki unairudisha nyuma unaishusha. Vijana wake wawili wameifanya huku wanabishana mambo ya Simba na Yanga. Kuifungua ndo ilichukua muda maana kila kipande kilipelekwa kwenye trei yake na mzee anataka kukiangalia mwenyewe.

Tulichokikuta ndani hakikumshangaza. Silinda namba 3 ndo imeumia zaidi, valvu yake ya ekzosi imechoka shingoni, ikibakia hivyo siku moja kichwa kinakatika kinaingia kwenye pistoni ukiwa katikati ya safari. Kwenye Foksi za kabla ya 1971 namba 3 ina bahati mbaya, kipoza oili kimesimama ndani ya bati la feni juu yake kabisa, kwa hiyo hewa inayomfikia imeshapashwa moto na oili. Kiwanda kiliujua huo ugonjwa. Kwenye distributa (kile kinachogawa cheche kwa plagi) za zamani walichelewesha kidogo moto wa namba 3 ili isizidi kupata joto, na mwaka 1971 wakahamishia kipoza nyuma kwenye kibanda chake chenye njia yake ya hewa, ndo kile wenyewe wanakiita kibanda cha mbwa. Mzee akanipa ushauri: badala ya kumwaga hela nyingi kwenye urembo, tafuta bati la feni la kuanzia 1971 pamoja na feni yake pana na kipoza chake, tukufungie. Alikua navyo, vimetoka kwenye Foksi ya 1973 iliyogongwa. Vikasafishwa, kipoza kikapimwa kwa presha kwenye ndoo ya maji, vikafungwa. Nasema hivi, kati ya mabadiliko yote unayoweza kufanya kwenye Foksi inayoishi kwenye joto hili, hili ndo la kwanza, na halionekani kwa macho kwa hiyo hakuna atakayekusifia kwenye kijiwe.

Hapo kwenye kijiwe ndo penye kelele. Washkaji walitaka niikuze injini iwe ya cc 1776 na kabureta mbili. Mzee alikataa kabla sijamaliza sentensi. 1776 ni pistoni za milimita 90.5, inabidi bloku ichongwe na hedi zichongwe, na kila nguvu unayoongeza inakuja na joto lake ambalo feni ni ile ile. Kuna pia zile silinda za 88 zinazoingia bila kuchonga, hizo alinionyesha mkononi, ukuta wake mwembamba mpaka unaogopa, zikipata joto zinapoteza umbo. Sisi tukaenda na 85.5, ambazo kwa injini yangu ya 1500 zinaingia moja kwa moja maana 1500 na 1600 tundu za bloku ni zile zile, krenki ile ile ya milimita 69, inatoka kwenye cc 1493 inakua 1584. Pistoni na silinda zake zinakuja seti ya nne mpya kwenye boksi, hamna habari ya kuboo (kuchonga silinda upya) wala kutia slivu kama magari mengine, unatoa za zamani unaweka mpya. Seti yangu imetoka Brazil kupitia kwa ndugu aliyeko Ujerumani. Brazil na Mexico ndo mama wa spea za hizi gari, Mexico walitengeneza Foksi mpaka Julai 2003 pale Puebla, kwa hiyo mtu akikwambia spea hakuna hajatafuta.

Angalizo kwenye kununua: kuna kopi nyingi sana sokoni za bei chee. Nilinunua pampu ya petroli ya kopi, nembo siitaji, ikaja inasukuma kwa presha kubwa mpaka kabureta inafurika. Mzee aliipima akaitupia kwenye debe la chuma chakavu, akarudisha ile ya zamani ya Kijerumani akabadilisha ngozi ya ndani tu. Msimamo wake ni kwamba kitu cha zamani cha asili kikifufuliwa kinashinda kipya cha kopi, na mpaka sasa sina cha kumpinga.

Usahihi wake kwenye kufunga ndo ulinifanya nimpe hizo nyota. Mzee ana spana ya toki (ya kupimia nguvu ya kukaza), ya zamani ya mshale, ameifunga kwenye kitambaa kama kitabu cha dini, na kila nati ya hedi aliipita kwa mpangilio mara mbili. Ile nati kubwa ya flaiwili inataka nguvu kama kilo 35 kwenye mkono wa mita moja, spana yake haifiki huko, kwa hiyo alichukua bomba la mita moja akapima uzito kwa mizani ya nyama. Nilicheka, ila ni hesabu sahihi. Nati za ekseli za nyuma vile vile, kilo 30. Mafundi wengi hizo wanagonga na patasi na nyundo alafu wiki ijayo meno ya dramu yameisha.

Tapeti (nafasi za valvu) zimewekwa milimita 0.15 injini ikiwa imelala usiku mzima. Amenikataza kabisa kuziangalia injini ikiwa ya vuguvugu, na akanipa na ratiba: kila kilomita 5,000 tapeti na oili pamoja, oili ni lita mbili na nusu tu, hamna filta ya oili kwenye hii injini ni chujio la waya pale chini, unalitoa unaliosha unarudisha na gasketi mpya. Tapeti ikibana valvu haikai vizuri kwenye siti yake, haipoi, inaungua. Na kosa la watu ni kusikia tapeti zinagonga gonga wakadhani ndo ugonjwa. Inayogonga kidogo ni nzima, iliyonyamaza ghafla ndo ya kuitilia shaka.

Distributa. Hapa mzee na mimi tulibishana kidogo. Watu wengi wanafunga ile Bosch 009 sababu ni rahisi na inaonekana ya spoti. Ile inasogeza muda wa cheche kwa kufuata mzunguko wa injini tu, haina kile kikombe cha vakyumu, ilitengenezwa kwa injini zinazokaa kwenye mzunguko mmoja muda mrefu. Kwenye gari ya barabarani yenye kabureta ya kawaida ukikanyaga ghafla inasita kwanza ndo inaondoka. Mi nilitaka ya vakyumu, mzee anasema 009 ni imara haina cha kuharibika. Mwisho nikashinda mimi sababu hela ni yangu, imefungwa ya vakyumu na ndani yake nikaweka ile moduli ya kielektroniki ya PerTronix badala ya pointi na kondensa. Inaingia ndani ya distributa ile ile, nyaya mbili zinaenda kwenye koili basi. Kuwaka asubuhi ni nusu mzunguko. Mzee ameikubali kwa shingo upande na kwenye boksi la spea la mbele ameniwekea seti ya pointi, fila geji ya kupimia nafasi yake na karatasi aliyoandika milimita 0.4, anasema hicho kidubwasha kikifa porini hakuna wa kukifufua, pointi unazisugua na karatasi ya msasa unaendelea na safari. Sina jibu, seti nimeiacha hapo hapo.

Petroli. Alibadilisha mipira yote ya mafuta na klipu zake na akahamisha filta. Wengi wanaining'iniza filta kwenye mpira kati ya pampu na kabureta, juu kabisa ya distributa. Uzito wake unavuta mpira, na kile kibomba cha shaba cha kuingilia kabureta kwenye gari za miaka hii huwa kinalegea, siku kinachomoka petroli inamwagika juu ya cheche. Foksi nyingi zilizoungua zimeungua hivyo, na bloku ina magnesiamu ndani yake, ikishika moto usidhani utazima na ndoo. Filta yangu sasa iko chini mbele karibu na tenki. Kama hiki ndo kitu pekee utakachotoka nacho hapa, kafungue kifuniko chako sasa hivi uangalie.

Ah na kuna wale wanaowauzia dawa za kuchanganya kwenye petroli ati gari za zamani zinahitaji risasi. Hedi za Foksi zina siti za chuma zilizopigwa ndani ya alumini, petroli yetu hii isiyo na risasi haina shida nayo. Hela hiyo nunua mkanda wa feni wa akiba.

Haya, kwanini nimekata nyota moja. Kwanza muda. Aliniambia wiki mbili, nadhani wiki zake zina siku zaidi ya zetu, maana injini ilikaa mezani kwake mpaka nikaanza kuogopa. Simu hapokei, ukimtumia meseji anasoma mjukuu. Pili hamna risiti, hamna makadirio ya maandishi, kila kitu kiko kichwani mwake na ukweli hesabu zake hazikupishana na zangu ila mtu mwingine asiyemjua angepata taabu kuamini. Tatu, na hii imenikera kweli, vijana wanaoshea spea kwa petroli kwenye beseni wazi na hatua chache kutoka pale kuna jirani anachomelea mageti. Nimemwambia, akasema wamezoea. Mzee wangu nakuheshimu ila moto hauzoeleki.

Bei: ufundi Sh 700,000, spea zote na usafiri wa mizigo karibu milioni mbili na nusu, nyingi ikiwa ni pistoni na hedi. Kwa kazi aliyofanya ni rahisi. Kwa gari yenyewe kuna watu watasema ungenunua Passo. Hao siwajibu.

Bodi niliipeleka kwingine na huko sishauri mtu. Foksi inaoza kuanzia chini: zile boksi za pembeni chini ya milango, sakafu, na hasa pale betri ilipo chini ya siti ya nyuma, tindikali inadondoka miaka inakula bati mpaka unaona lami. Hao jamaa badala ya kukata na kuchomelea bati jipya waliweka nyuzi na puti wakapaka rangi, inang'aa kama sahani, na mvua za masika zilipopita kutu ikachomoza pale pale. Mtu akikwambia hanyanyui bodi kwenye chesisi na gari imeoza sakafu, ondoka. Kwenye Foksi bodi imefungwa kwa bolti kwenye chesisi, inanyanyuka na watu sita wenye nguvu, hamna sababu ya uvivu. Na hapo hapo kwenye betri, weka kifuniko cha plastiki au mpira juu yake, springi za siti zikigusa tamino abiria mnene akikaa nyuma mnawaka.

Umeme nimesema usimpelekee mzee, sio kwamba ameharibu, anakataa tu. Taa zangu zilikua zinawaka kama kibatari, fundi umeme wa mtaani alinifungia rilei mbili ili moto wa taa usipitie kwenye swichi ya zamani, zikarudi kuwa taa. Kazi ya saa moja.

Majaribio. Mzee alinitaka niipeleke kwenye mlima, mi nikaipeleka Lushoto. Dar mpaka Mombo barabara ni ya kawaida, kilomita 80 kwa saa bila kelele, Chalinze nimepita saa saba mchana jua likiwa utosini na haikununa. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 33 za kona, unaacha tambarare ya mkonge unaenda kwenye mita 1,400 hivi, na hapo ndo ungeona ile injini ya zamani inakufa. Kanuni aliyonipa ni kutoibana, yaani usiache gia ya nne ikiburuza kwa mzunguko mdogo ukadhani unaionea huruma, kasi ya feni inafuata kasi ya injini, mzunguko ukiwa mdogo na mguu umezama hapo ndo unaipika. Shuka gia ya tatu, ya pili ikibidi, iache ilie. Ikalia. Pale juu nilisimama nikachomoa kijiti cha oili nikakishika kwa vidole, ni moto ila unashikika, mzee anasema ukilazimika kukiachia hapo hapo ndo uanze kuwa na wasiwasi. Nikazima, nikanunua matunda damu na plamu kwa wamama pale barabarani, nikawasha, ikawaka hapo hapo.

Na kitu kimoja cha barabarani ambacho watoto wa gari za kisasa hawakijui. Ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi, kwenye gari nyingine ikiwaka unasema nitafika nyumbani niangalie. Kwenye Foksi ikiwaka simama hapo hapo hata kama ni katikati ya daraja, maana mkanda wa dainamo ndo mkanda wa feni, ukikatika unabakia na dakika chache za kuua injini. Mkanda wa akiba, spana ya 21 ya nati ya puli na bisibisi ya kuishikilia isizunguke, vinakaa kwenye gari muda wote. Kukaza kwake ni kwa kuhamisha zile shimu katikati ya vipande vya puli, ukibonyeza kwa kidole gumba uingie kama sentimita moja na nusu.

Mzee akishiba chai ya tangawizi anapenda kuwasimulia wateja mambo ya Safari Rally, jinsi Foksi ilivyoshinda 1954 na 1957, alafu ile ya 1962 ambayo Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walishinda na 1200 ya kawaida. Ukimuuliza walikua na kabureta ngapi anakuangalia vibaya. Moja mwanangu. Na mabati yote yamefungwa.

Injini inavuja? Inavuja, tone moja moja kwenye kibomba kimoja cha pushirodi upande wa kushoto. Nimempigia simu, akapokea mjukuu, ameniambia babu anasema nilete Jumamosi bila kulipa, nisiosheoshe kwanza ili aone inapotokea, na nije na stering boksi niliyoahidi maana ile ya sasa ina mchezo wa vidole viwili na hataki kusikia nimeipeleka tena mlimani na stering ile.